Kuingia Si Kufaa: Vipuri vya Bunduki, Matunzo na Sheria

Wamiliki wenzangu wa bunduki wana swali moja wanaloniuliza kuliko mengine yote: "Hiki kitaingia?" Wameona kipuri mtandaoni, bei inavutia, picha inafanana na kile kilichomo ndani ya bunduki yao, na wanachotaka kwangu ni nitikise kichwa wakalipe. Mimi si fundi bunduki. Ni mlenga shabaha wa siku nyingi anayependa kufungua vitu vyake na kuvijua, na jibu langu huwaudhi: kuingia, huenda kitaingia. Tatizo la bunduki ni kwamba vitu vingi visivyofaa huingia bila kugoma.

Chukua bunduki ya marisau. Mtutu wa geji 12 una kipenyo cha ndani cha karibu milimita 18.5, na wa geji 20 ni karibu 15.6. Tia risasi ya geji 20 ndani ya geji 12 na haitakataa. Itapita chemba, yaani chumba cha nyuma ya mtutu risasi inapokaa, na kuteleza mbele hadi ukingo wa kitako chake ukwame pale mtutu unapoanza kubana. Ukichungulia haraka utaona chemba tupu. Mwenye papara atadhani alisahau kujaza, atatia ya geji 12 nyuma yake na kufyatua. Mtutu hupasuka karibu na pale mkono wa mbele unaposhika. Ndiyo maana kwa desturi ya watengenezaji maganda ya geji 20 huwa ya njano: rangi ile ni onyo.

Hata ukiwa na geji sahihi hujamaliza. Urefu ulioandikwa kwenye risasi ya marisau, milimita 70 au 76, ni wa ganda lililokwisha kufyatuliwa, mdomo wake ukiwa umekunjuka. Kabla ya hapo ganda limekunjwa, kwa hiyo risasi ya 76 ambayo haijalipuka ni fupi kuliko milimita 70. Inaingia kwenye chemba ya 70 na bunduki inafunga kwa ulaini kabisa. Ukifyatua, mdomo wa ganda unatafuta nafasi ya kukunjukia na kuikosa, njia inabana, na shinikizo linapanda kupita kile chuma kilichoundiwa. Bunduki nyingi za kale zina chemba fupi zaidi ya hiyo, na aliyerithi moja asimwamini aliyemwachia. Asome maandishi yaliyochongwa ubavuni mwa mtutu, na yakiwa yamefutika ampe fundi apime.

Shinikizo ndilo neno ninalotamani kila mnunuzi wa vipuri alibebe kichwani. Tairi la gari dogo hubeba kama bar 2. Risasi ya bastola ya 9 mm, kwa viwango vya C.I.P., tume ya kimataifa ya kupima silaha iliyoanzishwa mwaka 1914 na yenye makao Ubelgiji, inaruhusiwa kufika bar 2,350. Ya .308 Winchester inafika 4,150. Nguvu hiyo inazuiwa na vipande vichache vya chuma vilivyo sentimita chache kutoka kwenye jicho lako, na uwezo wake wa kuizuia unategemea jinsi vinavyokutana. Nchi zilizomo katika tume hiyo hupima kila bunduki ya kiraia kabla haijauzwa: hufyatuliwa risasi maalumu yenye shinikizo lililozidi kiwango cha juu, kwa bunduki ndefu zidio la asilimia 25, kisha inapigwa mhuri. London ilianza kazi hii karne ya 17 na Birmingham ikafungua nyumba yake ya kupimia mwaka 1813. Ukibadilisha mtutu, mhuri wa zamani hauhusiki tena na bunduki uliyonayo. Watu husahau jambo hili kwa sababu mhuri bado unaonekana.

Sasa tufike pale wengi wanapoumia bila kujua. Kati ya uso wa bolti, kipande kinachoifunga chemba kwa nyuma, na mahali risasi inapoegemea ndani ya chemba kuna umbali ambao mafundi huuita hedispesi. Ukiwa mfupi mno, bolti haifungi, au inafunga kwa kulazimishwa. Ukiwa mrefu mno, ganda linapolipuka linarudi nyuma na kunyooka hadi linaweza kukatika, na gesi ya moto inatoka mahali isipopaswa kutoka. Kwa .308 fundi anatumia vipimo vitatu vya chuma: cha kwanza kina milimita 41.40 na bolti lazima ifunge juu yake; cha pili 41.50, na kwa bunduki mpya isifunge. Cha tatu 41.60, na ikifunga hapo, bunduki haifyatuliwi tena mpaka irekebishwe. Kati ya kimoja na kingine ni sehemu moja ya kumi ya milimita. Hakuna jicho litakaloona tofauti hiyo kwenye picha ya muuzaji.

Waingereza waliielewa hali hii vizuri. Bunduki yao ya Lee-Enfield No. 4 ilikuwa na kichwa cha bolti kinachofunguka, kikatengenezwa kwa urefu tofauti na kupewa namba kuanzia 0 hadi 3. Fundi wa jeshi alipoona umbali umezidi kwa kuchakaa, alitoa kichwa kifupi akaweka kirefu kidogo. Kwa hiyo mtu anayenunua bolti ya No. 4 peke yake na kuichomeka kwenye bunduki nyingine ya No. 4 amenunua kitu sahihi kwa jina, lakini hajui amenunua kitu gani kwa kipimo. Kwenye Mauser za kijeshi utaona namba ya bunduki imechongwa pia kwenye bolti. Wakusanyaji hufurahia namba zinazolingana kwa sababu ya thamani. Mimi ninazitazama kwa sababu nyingine: bolti hiyo na mtutu huo walikwisha kupimwa pamoja.

Inashangaza kidogo, maana bunduki ndiyo bidhaa iliyobeba wazo zima la vipuri vinavyobadilishana. Mfaransa Honoré Blanc alikuwa akionyesha mitambo ya bunduki iliyounganishwa kwa vipande vilivyookotwa ovyo tangu miaka ya 1780, na Thomas Jefferson aliiona kazi hiyo akiwa Paris. Mwaka 1798 Eli Whitney alipata mkataba wa kuitengenezea serikali ya Marekani bunduki 10,000, na mwaka 1801 akawafanyia wakubwa maonyesho yaliyowaacha vinywa wazi. Bunduki zake zilipochunguzwa baadaye sana, vipande vyake vilionekana havibadilishani kweli. Aliyefanikiwa ni John Hall pale Harpers Ferry, karakana ya silaha ya serikali ya Marekani, katika miaka ya 1820, na siri yake ilikuwa mashine nzuri pamoja na rundo la vipimo vya kukagulia kila kipande. Vipuri hubadilishana pale tu ambapo mtu amelipa gharama ya kupima. Mahali ambapo hakuna aliyepima, kuna kufanana tu.

Na kufanana kunadanganya. Vz. 58 ya Czechoslovakia kwa mbali utaapa ni AK: risasi ile ile ya 7.62×39, magazini iliyopinda, umbo lile lile. Mtambo wake ni mwingine kabisa, na hata magazini haziingiliani. M70 ya Yugoslavia nayo ni ya ukoo wa AK kweli, ila waliitengeneza kwa bati nene zaidi, milimita 1.5 badala ya 1, na vipande kadhaa vya AKM, toleo la AK lililoboreshwa, havikai. Kwenye familia ya AR-15, bomba la nyuma linaloshika kitako lina vipenyo viwili sokoni: kile cha vipimo vya kijeshi, karibu milimita 29.2, na kile cha kibiashara, karibu 29.7. Kitako cha kimoja juu ya kingine ama hakipiti ama kinacheza. Hilo ni kero zaidi kuliko hatari. Springi kuu ya bastola ya Glock ya kizazi cha tatu, ile inayorudisha mbele sehemu ya juu ya bastola, haikai kwenye ya kizazi cha nne, ingawa jina la bastola ni lile lile. Kwa hiyo ukiniuliza kuhusu kipuri, nipe aina, kizazi, mwaka kama unaujua, na namba iliyoandikwa kwenye mtutu. "Ni ya Glock" si maelezo.

Kuna jozi za risasi pia zinazohitaji uangalifu huo huo. .223 Remington na 5.56 ya NATO zina ganda la vipimo vya nje vinavyokaribiana mno, na kila moja huingia kwenye chemba ya mwenzake. Tofauti iko mbele ya chemba: chemba ya 5.56 humwachia kichwa cha risasi nafasi ndefu zaidi kabla hakijakutana na mifereji ya mtutu. Kufyatua .223 ndani ya mtutu wa 5.56 hakuna shida. Kinyume chake kinaweza kupandisha shinikizo, na dalili ya kwanza mara nyingi ni fataki, kile kiwashio kidogo kwenye kitako cha ganda, iliyobapika au kulegea. Mtutu uliobadilishwa unakuja na chemba yake, hivyo ukishaubadilisha soma upya kilichochongwa juu yake, usitegemee kilichoandikwa ubavuni mwa bunduki.

Matunzo hayana mvuto kama vipuri, lakini ninaamini nusu ya vipuri vinavyonunuliwa vinanunuliwa kutibu uchafu. Bunduki inakwama, mwenyewe anaagiza springi mpya, kucha mpya ya kuvutia ganda, kifyatulio kipya. Kumbe chemba ina utando mgumu wa baruti iliyoungua. Kabla hujaagiza chochote, safisha, kisha jaribu kwa magazini nyingine. Magazini ndiyo mgonjwa wa kawaida kuliko wote, na ni rahisi kuipima: iandike namba kwa rangi, na uone kama ukwamaji unaifuata namba hiyo.

Mpangilio wa kuanza haubadiliki. Magazini itoke kwanza, ndipo ukoki na kutoa kilichomo ndani ya chemba. Ukigeuza mpangilio huo, kukoki kutakuwa kumepandisha risasi nyingine kutoka kwenye magazini, na utabaki na bunduki iliyojaa unayodhani ni tupu. Tazama chemba kwa jicho, kisha ingiza kidole. Risasi zote ziwe chumba kingine. Sioni aibu kukagua tena baada ya kwenda kujibu simu.

Ufito wa kusafishia uingie kutokea upande wa chemba kila inapowezekana, kwa sababu mdomo wa mtutu ndio wa mwisho kuigusa risasi, na ukingo wake ukilika upande mmoja shabaha inapotea hata kama mtutu wote ni mzima. Bunduki ambazo muundo wao hauruhusu hilo, tumia kamba ya kuvuta. Dawa za kutoa shaba nyekundu huwa na amonia. Zifanyie kazi, zifute, usizilaze humo usiku kucha. Mafuta ya mwisho yawe utando tu. Mafuta mengi kwenye njia ya pini ya kugonga hukusanya vumbi na, penye baridi kali, huganda hadi pini ikagonga kwa unyonge. Kwenye bunduki yenye kitako cha mbao, mafuta yaliyozidi hushuka polepole na kuilainisha mbao pale inapokutana na chuma. Wazee wa kazi hii huhifadhi bunduki mdomo ukiwa chini kwa sababu hiyo, nami nimewaiga. Kabla ya kufyatua tena, pitisha kitambaa kikavu, kwani mafuta ndani ya mtutu ni kizuizi kama vizuizi vingine.

Risasi za zamani za kijeshi zina kesi yake. Fataki za wakati huo mara nyingi zilikuwa na klorati ya potasiamu, ambayo ikilipuka huacha chumvi. Chumvi hiyo huvuta unyevu wa hewani na kuota kutu ndani ya mtutu kwa muda mfupi wa kutisha. Mafuta hayaiyeyushi. Maji huiyeyusha. Ndiyo maana askari wa zamani walimwaga maji ya moto ndani ya mtutu, wakaukausha, ndipo wakatia mafuta. Kijana aliyefundishwa kwamba maji ni adui wa bunduki hulikataa jambo hili mpaka aone mtutu wake.

Mfano mkubwa wa gharama ya kudharau matunzo ni M16, bunduki ya askari wa Marekani, huko Vietnam. Ilipelekwa ikiwa na sifa ya kutohitaji usafi mwingi, vifaa vya kusafishia vikawa haba, chemba hazikuwa zimepakwa kromu, na aina ya baruti ikabadilishwa kutoka ile iliyotumika wakati wa kuiunda. Askari walikufa wakiwa na bunduki zilizokwama. Kamati ndogo ya Bunge la Marekani iliyoongozwa na Richard Ichord ililichunguza suala hilo mwaka 1967. Baruti iliyobadilishwa, kwa maoni yangu, ndilo somo la vipuri ndani ya kisa hicho: risasi nayo ni kipuri, na bunduki inayojijaza yenyewe iliundwa kwa kasi na kiasi fulani cha gesi.

Kuhusu springi, magazini iliyojazwa na kuachwa haichoki kama watu wanavyodhani, mradi haikuzidishwa kuliko muundo wake. Kinachoichosha springi ni kubanwa na kuachiwa mara nyingi. Springi kuu ya bastola ni kitu cha kubadilisha kwa ratiba ya mtengenezaji, na ni kipuri cha bei ndogo. Usiihifadhi bunduki kwenye mkoba wa ngozi kwa muda mrefu, ngozi hushika unyevu. Na osha mikono kwa maji baridi na sabuni kabla ya kula chochote, maana masizi yale yana risasi, ile metali yenyewe yenye sumu.

Basi tuje kwenye kubadilisha. Ninaunga mkono mabadiliko yanayoifanya bunduki imtoshe mtu wake: urefu wa kitako, mpira wa kupunguza kishindo begani, vilengeo bora, darubini iliyofungwa kwa bisibisi yenye kipimo cha mkazo badala ya nguvu za kiganja. Haya yanaboresha shabaha na hayagusi kinachozuia shinikizo. Kifyatulio ndipo ninapokuwa mgumu. Kukifanya chepesi kunahusu nyuso mbili ndogo za chuma zinazoshikana, na zikipunguzwa kupita kiasi bunduki inaweza kufyatuka ikianguka au ikigongwa. Seti kamili ya mtengenezaji anayejulikana, ikifungwa na fundi mwenye leseni na kujaribiwa bila risasi hai, naielewa. Kutumia tupa na jiwe la kunolea juu ya meza ya nyumbani, hapana. Bastola ya M1911, ambayo Jeshi la Marekani liliipokea mwaka 1911, ndiyo inayoongoza kwa vipuri vinavyotangazwa kuwa ni vya kuchomeka tu, na mafundi wake wazuri watakwambia vingi kati yake vinahitaji kukwanguliwa kwa mkono ndipo vikae.

Sheria, kwa bahati mbaya kwa wavivu wa kusoma, nayo haiangalii kama kipuri kinaingia. Inaangalia bunduki imekuwa nini baada ya kuingia, na mara nyingine inaangalia kipuri chenyewe. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2001 kuhusu silaha hizi inataja mtutu, fremu, slaidi au silinda, na bolti kama sehemu muhimu, pamoja na kiwambo cha kuzuia sauti. Umoja wa Ulaya unazihesabu sehemu muhimu kwa masharti sawa na silaha yenyewe, kwa hiyo mtutu wa akiba hauagizwi kama soksi. Marekani kwa kawaida fremu ndiyo inayohesabiwa kuwa bunduki, na mtutu unauzwa huru. Mtu anayesoma ushauri ulioandikwa na Mmarekani akiwa nchi nyingine anaweza kutenda kosa la jinai kwa nia njema kabisa.

Lakini hata huko Marekani uhuru huo una mipaka inayopimwa kwa rula. Kwa sheria ya mwaka 1934, kama ilivyorekebishwa baadaye, bunduki ndefu yenye mtutu chini ya inchi 16, au ya marisau chini ya inchi 18, imo katika kundi linalohitaji kibali cha pekee. Uingereza, bunduki ya marisau kwa cheti cha kawaida lazima mtutu wake usipungue inchi 24 na magazini isizidi risasi mbili. Kipande cha mtutu kilichokatwa ili "kusafisha mdomo" kinaweza kukuhamisha kundi zima la kisheria. Mwaka 1992 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya kampuni ya Thompson/Center, iliyouza bastola pamoja na kitako na mtutu mrefu. Serikali ilidai seti hiyo ni bunduki fupi kwa sababu ingeweza kuunganishwa hivyo. Kampuni ilishinda, lakini iligharimu safari hadi mahakama ya juu kabisa. Na mwaka 2019 vitako vinavyotumia kishindo cha bunduki kuongeza kasi ya kufyatua vilipigwa marufuku huko kwa kanuni ya wakala, kisha mwaka 2024 mahakama ikaitengua kanuni hiyo. Kitako hakikubadilika hata kidogo muda wote huo. Ndiyo maana sikubali jibu la "rafiki yangu anacho". Sheria niisome mimi, ya mahali nilipo, na ya mwaka huu, na nikiona utata nimwandikie mtoa leseni na kuhifadhi jibu lake.

Namba ya utambulisho isiguswe kwa namna yoyote, hata kwa kung'arisha. Kufuta namba ni kosa karibu kila mahali, na fundi anayepaka rangi mpya lazima aambiwe hivyo kabla hajaanza.

Kila kipuri nilichobadilisha kina karatasi yake: kilitoka wapi, nani alikifunga, kipimo gani kilichukuliwa, na stakabadhi. Kile cha zamani kiko kwenye mfuko wenye lebo ndani ya sefu ile ile. Siku bunduki itakapokwenda kwa mmiliki mwingine, kwa utaratibu wa leseni, atapewa vyote viwili, na ataarifiwa ni springi ipi iliyomo sasa na risasi zipi ilizojaribiwa nazo.